Fomu ya Malengo Haina Kisanduku cha Mvua

Siku hizi huwezi kukaa kwenye benchi lako kwa amani bila mtu kutaka kujua utakuwa wapi baada ya miaka mitano. Wa benki anauliza. Wa mikopo ya vikundi anauliza. Kijana anayeomba kazi ya kujaza mafuta kituoni anaulizwa, utadhani kuna mtu anayezaliwa akiota kushika pampu. Juzi juzi alikuja mhubiri na spika mbili na jenereta, nikasema huyu walau ataniuliza nitakuwa wapi baada ya kufa, swali ambalo tumelizoea. Wapi! Naye akataka miaka mitano.

Mimi nauza spea za baiskeli na pikipiki hapa Samuye, Shinyanga, kando ya barabara ya Tinde. Ukiniuliza kesho nitakuwa wapi nakujibu bila kumeza mate: hapa hapa. Wiki ijayo? Hapa hapa. Lakini ukifika miaka mitano, jibu lile lile linageuka kosa. Wanataka uwe umepanuka, umefungua tawi, umehamia mjini. Mtu aliyekaa palipo na wateja wake anaonekana kama mgonjwa ambaye ndugu zake wamechelewa kumpeleka zahanati.

Ndipo tukaitwa semina. Sitaitaja taasisi iliyotuita, maana wali ulikuwa na nyama na mimi nina adabu. Mwezeshaji alikuwa kijana nadhifu wa kutoka mjini, shati limechomekewa, viatu vinang'aa kwa namna ambayo vumbi la huku huwa halisamehe. Akatugawia fomu yenye safu tano: Lengo, Mikakati, Viashiria, Muda, Mhusika. Akasema lengo zuri lazima liwe mahususi, lipimike, lifikike, liwe la kweli na liwe na muda wake.

Jirani yangu, mzee wa makamo ya marehemu baba, akaijaza haraka kuliko sisi wote. Lengo: kuishi. Mikakati: kula. Viashiria: nikionekana. Muda: Mungu akipenda. Mhusika: mimi. Mwezeshaji akamwinamia kwa heshima.

"Shikamoo, babu. Hili lengo lako ni zuri, ila halipimiki."

"Marahaba, mjukuu wangu. Linapimika sana. Siku ukija ukaambiwa nimezikwa, andika sikufanikiwa."

Mimi nilikwama kwenye safu ya Muda. Hapa kwetu kila jambo linaanza na mvua. Zikija vizuri kuanzia Novemba, majaruba yanajaa, mpunga unasimama, watu wanavuna, wanalipa madeni, wananunua baiskeli, baiskeli zinaharibika, mimi nakula. Zisipokuja, hata pancha watu wanaziba kwa mpira wa kandambili. Nikanyoosha mkono nikauliza mvua naiandika kwenye safu gani. Mwezeshaji akasema mvua ni "hatari ya nje", iko kwenye fomu nyingine, ambayo hakuja nayo.

Ili kututia moyo akatoa mfano wa jirani. Akatusimulia John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aliyeitafuta asili ya almasi za huku kwa miaka, fedha zikamwishia, mpaka mwaka 1940 akaipata Mwadui, pale Kishapu. Mwaka 1947 likatoka jiwe la rangi ya waridi, karati 54 na ushee kabla ya kuchongwa, naye akalitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. "Mnaona," akasema, "mtu aliyeshikilia lengo lake."

Naona. Ila nina maswali ambayo semina huwa hazina muda nayo. Wale waliotafuta kama yeye, wakaishiwa kama yeye, wakashikilia kama yeye, kisha wakafa homa ya malaria kwenye hema, mbona hatuletewi mifano yao? Na walioshika sululu na chekeche pale Mwadui, lengo lao la muda mrefu lilikuwa nini? Nadhani lilikuwa chakula cha mchana. Jiwe likaenda London kuvaliwa kifuani na malkia, na sisi tumebaki na somo la kutokata tamaa.

Tena kama ni malengo ya muda mrefu, Shinyanga haihitaji kufundishwa. Tumekuwa uwanja wa majaribio ya malengo ya watu wengine kwa miaka mia moja. Wakati wa mkoloni Mwingereza, Old Shinyanga palikuwa na kituo kikubwa cha utafiti wa mbung'o. Mbung'o anapenda kivuli cha vichaka. Basi lengo likawa moja, mahususi kabisa: anyimwe kivuli. Babu zetu wakaitwa na mashoka, makundi kwa makundi, misitu na vichaka vikalazwa chini. Lengo likapimika, likafikika. Mbung'o akakimbia, na kivuli nacho kikaondoka naye. Wakaja watu na ng'ombe na pamba, ardhi ikabaki upara, kuni zikaanza kutafutwa kwa safari ya kutwa nzima.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, baadaye kwa msaada wa Wanorwei. Lengo la muda mrefu? Miti irudi. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa huku miaka ya 1920 na akajaliwa umri, ujanani alipongezwa kwa kukata mti na uzeeni akahutubiwa kwa kuukata. Katika safu ya Mhusika, mara zote mbili jina lilikuwa lake.

Sasa hapo ndipo pana jambo ambalo mwezeshaji wetu hakulisema, na sidhani alilijua. Hao wa HASHI walianza na vitalu na miche, kama ilivyo desturi ya miradi. Baadaye wakagundua kwamba Wasukuma walikuwa na mpango wao wa zamani ambao haukuwahi kuandikwa kwenye fomu: ngitili. Kwa wasiojua, ngitili ni eneo la malisho unalolifunga mvua zinapoanza. Angalia vizuri hapo. Unalifunga wakati nyasi zimejaa kila mahali na hakuna anayeona sababu ya kufunga. Ng'ombe wako mwenyewe wanalitazama wakiwa upande wa pili, wanakulaumu kwa macho. Watoto wako wanaochunga wanakuona mchoyo. Unakaza. Kiangazi kikikomaa, porini kukibaki mchanga na mifupa ya mahindi, ndipo unafungua. Na kwa kuwa pale hapakulishwa wala kukatwa ovyo, hata visiki vya zamani vinachipua vyenyewe bila kitalu wala mche wa mradi.

Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ilizivuruga ngitili nyingi, maana mtu akihamishwa hawezi kuondoka na nyasi zake. HASHI ilipowaachia wenyeji wazirudishe, zilitoka hekta zisizofika elfu moja miaka ya 1980 hadi zaidi ya laki tatu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2002 Umoja wa Mataifa ukatoa Tuzo ya Ikweta kwa kazi hiyo. Kazi yenyewe ilikuwa watu kutogusa kitu.

Hilo ndilo gomvi langu na fomu za malengo. Zinauliza unataka nini. Nani asiyejua anachotaka? Hata mtoto wa miaka mitatu anataka, tena kwa sauti. Fomu iliyotungwa na mtu aliyewahi kuona kiangazi ingeuliza: umefungia nini? Wakati tele imejaa, ni kitu gani uko tayari kukiona kwa macho, kikiwa chako halali, na usikiguse? Mtu akikosa jibu hapo, safu zile nyingine nne ni mapambo.

Chukua mpwa wangu. Yuko Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, huko huko katika halmashauri yetu. Akija huku hukaa dukani kwangu akila miwa na kunieleza maisha yake ya mbele.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Duara linasemaje?"

"Tumeshuka sana, mjomba. Matimba tumepiga vizuri. Tukiugonga mwamba tu, umenisahau. Nyumba ya vigae Kahama. Noah mbili za abiria. Duka la jumla. Na ng'ombe wa mahari nalipa zizi zima, wakwe wakome."

Mwezeshaji angemkumbatia. Malengo anayo, tena ukimwamsha usiku wa manane anakutajia bila kukosea rangi ya vigae. Angemshauri tu aongeze viashiria.

Lakini hebu tufuate mawe yake. Duara, yaani shimo lao, likitema, mawe yanajazwa kwenye mifuko na mgawo unaanza palepale mdomoni mwa shimo. Mwenye leseni anachukua yake. Mwenye duara, aliyegharamia chakula, mbao na pampu ya maji, anachukua yake. Kinachobaki ndicho cha kundi zima la waliokuwa chini. Mpwa wangu anabeba mifuko yake kwenye karasha, mawe yanasagwa, anakwenda mwaloni kuosha, anakamata kwa zebaki, anachoma, anapata punje. Anafurahi. Mchanga uliooshwa, tunaouita marudio, anauacha pale pale au anauuza kwa bei ya soda, maana ana kiu.

Sasa yupo bwana mmoja pale, mara nyingi mnene na mkimya, anayekusanya marudio. Haimbi, hagombani, hana haraka. Anasubiri lundo liwe lundo, kisha anayapeleka kwenye matangi ya sayanaidi, na humo inatoka dhahabu ambayo zebaki haikuiona, ambayo wakati mwingine ni nyingi kuliko ile aliyoishangilia mpwa wangu. Dhahabu ile ile, shimo lile lile, jasho la mpwa wangu, subira ya mwingine.

Na ile punje yenyewe? Machimboni bia ya baridi ilifika kabla ya maji ya bomba. Msimu uliopita duara lilitema vizuri, nikapigiwa simu yenye muziki nyuma, nikaahidiwa jokofu. Baada ya muda mfupi akapiga tena, safari hii kimya, akaomba nauli.

"Mjomba, hela ya dhahabu haikai. Ina mizimu yake."

"Mizimu gani? Haikai kwa sababu uliiachia zizi wazi."

"Ungekuwepo ungeelewa, mjomba."

Ningekuwepo, pengine ningekunywa naye. Si hoja. Hoja ni kwamba huyu kijana hakukosa lengo hata siku moja.

Lakini msije mkadhani nawacheka vijana kisha nawaachia wakubwa wapite. Sisi wakulima tunaojifanya tuna busara tunafanya yale yale kwa mpunga. Kila mtu hapa Samuye anajua kuwa mpunga ukivunwa, mwezi wa sita, bei iko chini kwa sababu kila mtu anauza, na ikifika mwezi wa kwanza bei imepanda kwa sababu kila mtu anakula. Mkakati ni rahisi: weka gunia ndani, subiri. Halafu mwezi wa sita unafika na sisi wote tunauza kwa pamoja kama walioitwa kwa filimbi.

Hapa nawatetea kidogo wenzangu. Kufungia kunahitaji kuwa na cha kufungia. Mwenye ng'ombe arobaini na eneo kubwa anafunga ngitili na ng'ombe wake wanashiba kwingine. Mwenye ng'ombe mmoja na kieneo cha kugeuzia baiskeli, afunge nini? Mwenye magunia machache anakuta mwezi wa sita deni la mbegu linamsubiri mlangoni, mtoto ana mchango shuleni, shemeji anaoa na jina lake limeshasomwa kwenye kamati ya harusi. Kamati ya harusi haijui mambo ya bei ya Januari. Wengine mpunga wameshauuza ungali kijani, wanavuna mali ya mtu. Huyu ukimpa fomu yenye safu ya Muda unamdhihaki. Anachohitaji kwanza ni mtu wa kumshikia deni mpaka mwezi wa kwanza.

Kwa nadharia watu wa kumshikia wapo. Kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Mpango mzuri. Aprili 2023 ukasimamishwa nchi nzima ili utaratibu utazamwe upya, ukarudi 2024. Sina ugomvi na kutazama upya. Natazama tu kuwa kikundi kilichokuwa kimeandika mpango wa miaka mitatu kilikuta zaidi ya mwaka mmoja kati ya hiyo umekwenda bila kukiaga. Mwenye hela naye ana malengo yake, na yake ndiyo yanayoanza.

Nchi yenyewe inapanga kwa miaka ishirini na mitano ishirini na mitano, haiishii kwenye mitano. Ilikuwapo Dira ya 2025. Ilitaka tufike uchumi wa kati, na Julai 2020 Benki ya Dunia ikatutangaza tumefika, daraja la chini. Habari ilinikuta dukani kwenye redio, nikiwa nadaiwa betri ya redio hiyo hiyo. Julai 2025 ikazinduliwa Dira ya 2050, uchumi wa dola trilioni moja. Mimi naiombea mema. Mwaka 2050 wajukuu wangu watakuwa na ndevu na watapima wenyewe. Ninachoisifu ni kwamba hakuna aliyekuja kunipa fomu niseme 2050 nitakuwa wapi. Walau hapo serikali ilikuwa na haya.

Mwezeshaji, ambaye nilimpenda kadiri siku ilivyozidi kwenda, nilimvizia wakati wa soda.

"Na wewe, mwanangu, miaka mitano ijayo unajiona wapi?"

Akatazama mlangoni kwanza. "Mzee, mkataba wangu unaisha Juni. Mradi haujapata mfadhili mwingine."

"Na baada ya Juni?"

"Naombaomba kazi kwenye mfumo wa ajira. Ikishindikana, nina rafiki yangu ana duara Geita."

Nikamnunulia soda ya pili. Nikamwambia akifika huko asiuze marudio.

Nyumbani nikamsomea mke wangu fomu yote, safu kwa safu, yeye akichambua mboga. Huyu ni mwanamke ambaye msimu wa viazi hukata michembe na kuianika juu ya mwamba mpaka tunamwona kero, kila kona michembe, huwezi kuketi. Ikifika ile miezi ambayo jirani wanakuja kuazima unga, yeye anatoa michembe, anaichemsha, anatia karanga, tunakula tukiwa tumenyamaza kwa aibu. Amejenga kuta za vyumba viwili vya uani kwa matofali yaliyokuja trela moja leo na jingine msimu mwingine, na mabati yake anayanunua moja moja, yamelazwa chini ya kitanda upande wangu. Sijawahi kumsikia akitamka neno mikakati.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu.

"Baba watoto, posho mlipewa?"

Nikasema tulipewa kidogo. Nilikuwa nimeshaipangia lengo la muda mfupi, mahususi, linalofikika kwa mguu, kwa mama muuza nyama choma pale stendi. Nikatoa bahasha ili aione tu. Akaiona. Akaihesabu. Akaifunga kwenye pindo la kitenge na kwenda nayo kwenye kikoba chao, ambako kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu na funguo tatu kwa wanawake watatu tofauti, ili asiwepo mmoja wa kubembelezeka. Linavunjwa Desemba.

Nimejaribu. Wa kwanza kaniambia nimwone wa pili. Wa pili kaniambia ufunguo hauna kazi bila wa tatu. Wa tatu ni mama mkwe.